Mlango wa Watu Wanne

Kilolo, Iringa
Jumapili baada ya ibada, Oktoba 2023

Mke mwenzangu Damari,

Kamwene. Mimi nipo. Masikio ndiyo yameniaga, nampata tu anayepaza sauti karibu nami, kwa hiyo usihangaike kunipigia simu. Juzi baba yako mdogo Jofrey kaniwekea simu sikioni, nikasikia kitu kama mahindi yanakaangwa, nikamrudishia. Andika. Shule sikuingia hata siku moja, lakini herufi za lile darasa la wakubwa kanisani ninazo bado, na ukiandika makubwa nasoma mwenyewe bila kumwita mtu. Mambo yetu si ya kusomewa na Jofrey.

Liberatus konda amenifikishia barua yako na picha ya ofisi. Nimeiona. Fremu moja, mlango wa kioo, bango lina jina lako. Nimekaa nayo jikoni mpaka maharage yakaungua. Jina langu mimi halijaandikwa mahali zaidi ya kadi ya kliniki na daftari la sadaka, na lako liko kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, madereva wa malori wanalisoma.

Sasa nieleze vizuri hiyo kazi, maana watu wananiuliza tukitoka ibadani na mimi najibu hovyo. Rozalia nimemwambia unapaka rangi. Mchungaji nimemwambia unauza makochi. Wewe umeandika kwamba unampangia mtu nyumba yake ndani ipendeze. Huyo mtu hana mikono? Hana mama? Sikucheki. Nakucheka kidogo. Wakati wote ule uko chuoni Dar nilisuka vikapu mpaka vidole vikawa kama tangawizi, nikijua unasomea kitu. Basi nataka nikijue kitu chenyewe.

Nakutumia gunia la viazi na kikapu kimoja cha nyasi za milulu, kile chenye mistari ya zambarau. Kiweke mezani ofisini. Usitie kalamu. Tia kitu cha kula, mtu akiingia atafune.

Na wewe ule. Kwenye picha shingo imekuwa ndefu.

Ni mimi bibi yako,
Esnath


Iyunga, Mbeya
14 Novemba 2023

Shikamoo Bibi,

Viazi vimefika vizima. Nusu nimempa mama wa saluni, jirani yangu wa fremu ya pili, ndiye anayenipokelea wateja nikiwa nje. Kikapu kiko mezani na karanga ndani. Wateja wenyewe bado hawajajipanga foleni, lakini nimempata mmoja, na huyu mmoja ni mkubwa.

Kazi yangu iko hivi. Mtu ana nyumba, ameijenga kidogo kidogo, kochi kalinunua huku, kabati kalitoa kule, sasa kila akiingia sebuleni anajigonga goti. Mimi naangalia mwanga unaingilia wapi na watu wanapita wapi, namchorea, halafu nawasimamia mafundi mpaka chumba kikae kama mchoro. Mwalimu wetu alikuwa anasema chumba ni nguo ya watu waliomo. Kikiwabana, aliyekosea ni fundi.

Mteja wangu ni Mama Tusekile, Mnyakyusa wa hapa Mbeya. Mume wake, Mzee Jailos, ana mashine za kukoboa mpunga. Wanaishi na mama yake mzee huyo, Bibi Ikupa. Amelala chumba cha nyuma, miguu imekataa, mdomo upo. Kila nikipita na futi kamba ananiita, “We mtoto wa Wahehe, hujaolewa, unazunguka unapima nyumba za watu.” Nikamjibu kwamba napima nione kama pana chumba cha mume wangu. Akacheka mpaka akakohoa, akanishika mkono hataki kuuachia. Ungempenda.

Sebule yao ilikuwa kama stendi. Mlango wa mbao wa mabawa mawili, ukifunguliwa mtu aliye barabarani anaona mpaka mboga mnayokula. Nimeuondoa. Nimeweka mlango mmoja, halafu ukuta wa jipsamu unaokunja kona, ukiingia unapita korido fupi ndipo sebule inakufungukia. Makochi nimeyajenga yakazunguka kuta zote, yamefungwa kwa skrubu ukutani na sakafuni, chini yake kuna droo. Hakuna kinachosogea wala kuning’inia. Dirisha kubwa la mbele nimeliacha peke yake lilete mwanga. Ni mchoro ulionipa alama za juu kuliko yote niliyochora chuoni, Bibi. Sasa natembea ndani yake.

Ikikamilika nakutumia picha. Watu wa Mbeya wakiiona sebule hiyo, fremu hii itakuwa ndogo.

Mjukuu wako,
Damari


Kilolo
Januari 2024, mvua haijaacha

Mke mwenzangu,

Picha nimeipata. Liberatus kaifunga kwenye nailoni, haikulowa.

Nimeitazama sana. Watu wako wapi? Sebule nzuri namna hiyo na hakuna mtu, hakuna hata kikombe. Siku nyingine piga wakiwa wamekaa, nione kama wamestarehe au wamebanwa. Si ulisema ni nguo?

Ila ile kona ya mlangoni nimeipenda, usije ukasema mimi ni wa kupinga kila kitu. Upepo wa mwezi wa saba ukiingia kwangu unakuja moja kwa moja mpaka kitandani. Ungekuta kona kama hiyo ungepotea njia. Mwambie Mama Tusekile kwamba bibi yako wa Kilolo amesema hiyo kona ni akili. Hapa kwangu Jofrey amejenga nyumba nzuri ya tofali, halafu mlango akaweka mwembamba kama wa choo. Nikiwa na mzigo wa kuni natoka kiubavu. Nikimwambia, anasema nyumba nyembamba ina joto. Mtoto wa kiume ukishamzaa hana habari na kuni.

Rozalia anauliza kama unaweza kuja kumpangia jiko. Nimemwambia wewe ni wa watu wenye mashine za mpunga, asubiri. Amenuna kidogo, halafu akaomba kuiona picha tena.

Mimi mzima. Nimepungua, lakini zile gauni zilikuwa zinanibana.

Ni mimi,
Esnath


Iyunga
2 Mei 2024

Shikamoo Bibi,

Nisamehe kwa kimya hiki kirefu. Kazi zimekuwa nyingi na mvua za hapa zimetucheleweshea mafundi. Mama Tusekile na familia hawajambo, wanakusalimu. Kuna mwenye gesti amekuja kuulizia, na dada mmoja anafungua mgahawa. Kwa hiyo mambo yanaenda.

Nakula vizuri. Usiwe na wasiwasi.

Damari


Kilolo
Mwezi huo huo wa tano

Damari,

Hiyo barua yako nimeisoma, halafu nimeirudia kwa kuinusa. Haina harufu yako. Mtu aliyeandika kurasa nzima juu ya droo zilizo chini ya kochi, leo anakuja na “mambo yanaenda.” Yanaenda wapi?

Sasa sikiliza. Liberatus hakuleta barua peke yake. Konda anabeba na visivyokatiwa tiketi. Ameniambia, anaangalia viatu vyake, kwamba ndani ya basi kulikuwa na watu wanahadithiana habari ya nyumba moja Mbeya iliyokataa jeneza. Mmoja akacheka, mwingine akamkanya. Wa tatu akasema aliyeitengeneza ni binti wa Iringa, ana ofisi Iyunga, bango lake lina jina Damari. Liberatus akaangalia nje mpaka Makambako. Ni mtu mzuri yule. Nimempa mayai.

Sitaki kusikia ya basi. Mimi ndiye niliyekulea. Ulipovunja chungu changu cha maji ulikuwa hujui hata kuvaa viatu, na hukukimbia. Ulikuja umeshika vipande kwenye gauni, vingine vimekukata. Sikukupiga siku ile, unakumbuka?

Lete vipande.

Esnath


Iyunga
27 Mei 2024

Bibi,

Vipande ni hivi.

Bibi Ikupa alifariki mwezi wa tatu, hospitali. Nilienda msibani kama watu wengine, nimevaa kanga, nimebeba unga. Nilikuta wanawake wamesimama barazani kwenye mvua. Nikadhani wanasubiri mwili. Kumbe hawana pa kukaa. Walikuja na mikeka, kama siku zote, wanataka kutoa makochi nje watandike, na makochi hayatoki. Kijana mmoja alikuwa anayavuta kwa nguvu, akaniuliza mimi, hanijui, “Dada, hivi hivi vitu vimeota?” Waliobahatika wakakaa kwenye kochi, miguu inaning’inia, wamepangwa ukutani kama wako kwa daktari. Mama Tusekile mwenyewe alikuwa chini, kwenye kipande cha sakafu kilichobaki katikati, magoti yamegusana na ya dada yake.

Halafu gari likaja. Wanaume wakalishika jeneza, kwaya ikaanza. Wakaingia mlangoni, wakafika kwenye kona.

Halikukata kona, Bibi.

Walirudi nyuma, wakaingia tena kwa upande mwingine. Walioshika mbele walikuwa wamebanwa ukutani, siwaoni, nasikia tu mikono yao inakwaruza jipsamu. Mmoja akasema tulisimamishe. Mzee Jailos akasema, “Msimsimamishe Mama. Amekaa kitandani siku zote hizo, leo ndiyo mnataka asimame?” Kwaya ikanyamaza. Hawakumaliza hata ubeti. Mvua tu ndiyo ilikuwa inasikika, na jeneza liko ndani nusu, nje nusu.

Wakaleta mtu wa kukata vyuma. Akakata nondo za lile dirisha kubwa nililoliacha kwa ajili ya mwanga. Cheche zinaruka, wanawake wanaziba macho. Wakampitisha dirishani, na kesho yake wakamtoa kwa dirisha hilo hilo kwenda kuzikwa. Mtu nyuma yangu alisema polepole kwamba hata mwizi siku hizi anapita mlangoni.

Nimekaa chini kwenye misiba mingapi tangu nizaliwe? Wewe mwenyewe ulikuwa unanituma kuhamisha stuli. Na sikuwaza. Nilikuwa naona zile picha tulizokuwa tunafundishiwa, vyumba visivyo na watu.

Baada ya maziko nilimfuata Mzee Jailos kuomba msamaha. Hakufoka. Aliniangalia tu, akauliza, “Binti, huko chuoni kwenu watu hawafi?” Anauliza kabisa, anasubiri nijibu.

Mwenye gesti alikuja kweli, hiyo sikudanganya. Alikuja kusema ameahirisha. Wa mgahawa hapokei simu. Vijana wa bodaboda hapa kituoni wananiita Fundi Dirisha. Kikapu chako bado kina karanga za mwezi wa pili.

Sikukuandikia haya mapema kwa sababu bango lile lilikuwa ni lako pia.

Damari


Kilolo
Juni 2024

Mke mwenzangu,

Nimesoma. Sikupika siku hiyo. Jofrey kauliza chakula, nimemwambia leo tumefiwa.

Sitakudanganya kwamba ni jambo dogo. Ni baya. Mimi ningepitishwa dirishani ningerudi kuwasumbua mpaka wahame. Ila usijifanye uliyakosea haya peke yako kama malkia. Mama wa nyumba aliangalia mchoro, akakubali. Mwenye nyumba aliangalia, akakubali. Mafundi wako wote wamebeba majeneza. Na mimi hapa niliiangalia ile kona nikasema ni akili. Mtu akitengeneza nyumba nzuri anawaza wageni wenye miguu. Yule mwingine hakuna anayemuwaza mpaka afike mlangoni.

Fanya hivi. Nenda kwao. Usiende na maneno, maneno uliyapeleka hayakusaidia. Tia unga kwenye kikapu changu, chukua bisibisi yako na nyundo, ukafungue zile skrubu kwa mkono wako, moja moja, na ukuta ule uuangushe wewe. Wakikuita ndani, kaa chini. Kochi usiliguse hata wakikusihi.

Ukitoka huko, njoo huku. Nina kazi. Nataka mlango. Nimechoka kutoka kiubavu nyumbani kwangu. Nataka mpana, wa mabawa mawili kama ule uliouondoa kwa watu, na hicho kijukuta alichokiweka Jofrey mbele yake mwaka huu kuzuia upepo kitoke. Mimi ni mteja. Njoo na futi kamba.

Na hao vijana wa bodaboda waambie Fundi Dirisha ana bibi.

Esnath


Iyunga
8 Julai 2024

Shikamoo Bibi,

Nilienda. Nilibeba bisibisi, nyundo, na kikapu kimejaa unga.

Hapakuwa na cha kufungua. Walishavunja wenyewe. Ukuta haupo, mlango wa mabawa mawili umerudi, ule ule wa zamani, walikuwa wameuhifadhi stoo. Makochi yangu yako nyuma ya nyumba, yamerundikwa karibu na banda, kuku wanataga kwenye droo. Nilisimama nikayaangalia. Yale maungio ya pembeni bado yameshikana, hayajaachia hata kidogo. Yametengenezwa vizuri sana, Bibi, hilo ndilo lililonimaliza nguvu.

Mama Tusekile alikuja pale nyuma akanikuta. Akasema, “Ndaga, asante kwa kuja.” Hakunikaribisha ndani. Akasema, “Mama alikuwa anakupenda. Alikuwa anauliza, yule wa Wahehe leo haji? Ndiyo maana siwezi kukuangalia.” Akaupokea unga, akaingia jikoni, akanirudishia kikapu. Kitupu. Hata limau hakutia.

Unajua chombo kikirudi kitupu maana yake nini. Nilikibeba wazi mpaka barabarani, sikujua pa kukificha.

Fremu nimeirudisha. Bango mama wa saluni amelichukua, analigeuza upande wa nyuma aandike bidhaa zake, nimemruhusu. Nimepata kazi kwenye duka la vigae Mwanjelwa. Mtu akija nasema hiki kinafaa chooni, hiki kinafaa jikoni. Hakuna anayeniuliza zaidi ya hapo.

Kuhusu mlango wako. Najua unachofanya, Bibi. Unanitafutia kazi nisikae bure, kama ulivyokuwa unanipa milulu mifupi nisuke nikilia. Nashukuru. Lakini huo mlango Jofrey au fundi yeyote wa hapo anaweza. Kwa mwenye duka siwezi kuomba ruhusa mapema hivi. Labda Krismasi.

Damari


Kilolo
Julai, baridi kali

Damari,

Sikutafutii kazi. Kama ningetaka kukutafutia kazi ningekupa shamba la mahindi ulime, ungenyooka mgongo.

Nina kitu tumboni. Kipo tangu masika ya mwaka jana. Hospitali ya mkoa wamekipiga picha, daktari mmoja kijana amenieleza kwa kuandika kwenye karatasi, maana sisikii vizuri, na akaandika makubwa, namshukuru. Ameandika hakikatiki. Nimemwambia asante, akaanza kulia yeye. Nikamshika bega.

Nilikuandikia nimepungua, nguo zilikuwa zinabana. Huo ulikuwa uongo wangu, na wako ulikuwa wa “mambo yanaenda.” Tuko sawa, usinigombeze.

Mlango nimeupima mwenyewe kwa ufito wa milulu. Pale kwenye kijukuta cha Jofrey sikati kona. Nimejaribu na ubao wa kitanda, umekwama pale pale. Nimekaa kwenye kiti nikauangalia ule ubao umekwama, nikawaza habari zako zote na za mama yule wa Kinyakyusa. Jofrey sijamwambia. Ataanza kukimbia huku na huku. Na fundi wa hapa nikimwita atauliza wa nini, kesho kijiji kizima kinapika uji wa msiba nikiwa hai.

Wewe ndiye unayejua jeneza linakataaje. Hakuna fundi mwingine mwenye elimu hiyo kutoka hapa mpaka Chunya. Sikusemi vibaya. Nakwambia kwa nini nakuita wewe.

Krismasi ni mbali.

Esnath


Mwanjelwa, Mbeya
5 Agosti 2024

Nakuja na basi la Liberatus Ijumaa. Duka nimeaga, wakinifukuza wanifukuze. Usibebe kuni.

D.


Kilolo
Septemba 2024

Mke mwenzangu,

Liberatus anasema ulifika salama na dukani walikupokea. Vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kuja huko na fimbo.

Nakupa habari za mlango, maana mtu akishatengeneza kitu anastahili kujua kinaishije.

Ni mpana. Asubuhi jua linaingia mpaka kwenye meza, sikujua kwamba ile meza ina vumbi namna ile. Upepo nao unaingia wote, haukosei njia. Nalala na mablanketi yote niliyonayo na bado meno yanagongana. Jofrey alitaka kuweka pazia zito, nimemwambia aliyekuja kuupima hakuchora pazia. Amekwenda nyuma ya nyumba. Anajua sasa. Alijua siku ulipokuwa unabomoa kijukuta chake na yeye amesimama na karai, wala hakuuliza kwa nini. Hiyo ndiyo namna ya watoto wa kiume kuuliza.

Nilikuwa na hila moja sikukwambia. Nilidhani watu wa hapa wakiuona mlango huu watautaka. Nilikaa kwenye kiti mbele yake nimevaa vizuri, nikiwasubiri waulize nani kakutengenezea, nikuandikie kwamba una kazi Kilolo nyumba hata nne, ufungue hapa hapa Iringa, bango jipya. Wamekuja. Wameangalia, wameshika bawaba, wamesema imetulia kazi hii. Halafu Rozalia akaniambia mlango huu unaniita kaburini. Toka siku hiyo wanapita mbali. Hakuna anayeutaka. Yule aliyekuwa ananililia jiko, hata jiko halitaji tena. Kwa hiyo sina habari ya kazi ya kukupa.

Hukuniuliza ulipokuwa hapa kama utafungua tena siku moja. Nilikuona unataka kuuliza, unapiga randa mbao ambayo imeshalainika. Sikusema kitu kwa sababu sijui. Kanisani watasema utainuka, waitikie tu, ni watu wema. Mimi mbele sioni. Hata mlima wa pale nyuma kwa Rozalia siuoni siku hizi, naona weupe tu. Nakuona wewe umesimama dukani unasema hiki cha choo, hiki cha jiko, na naona siku zinapita hivyo. Ningekuwa na kingine ningekiandika.

Kikapu ulichokisahau hapa hukukisahau, najua. Uliona aibu kukibeba kitupu mara ya pili. Nimekitia maharage, Liberatus anacho. Kipokee.

Jumapili wanawake wa kwaya walikuja kuniombea. Nikawaambia kabla hamjaomba, lichukueni lile benchi refu lililoko barazani. Wawili mbele, wawili nyuma, mliingize ndani mlizungushe, mlitoe. Wakaangaliana. Nikawaambia mimi ndiye mgonjwa, nifanyieni ninachotaka. Wakaliinua. Nilikaa kwenye kiti changu pembeni ya mlango nikiwaangalia miguu. Waliingia, wakageuka, wakatoka mpaka uani. Hakuna aliyepinda bega, wala aliyekwaruza kiwiko. Mmoja alikuwa ameanza kuimba bila kujijua, na hakulazimika kukatisha.

Limepita, Damari. Kazi imekwisha, imepokelewa.

Sasa nakuomba kitu kimoja, na hiki ukisome polepole. Siku ile usije ukasimama mlangoni na macho ya fundi unaangalia pembe. Nimeshaangalia mimi. Wewe ingia kwa wanawake, ukae chini kwenye mkeka, ulie kama wenzako.

Ni mimi,
Esnath